Mzani wa Spika

Mjomba wangu wa Kibingo hauzi kahawa kabla hajaisikiliza. Huchota konzi ya maganda kwenye turubai, akaiweka karibu na sikio, akaitikisa. Mbegu zikilia ndani ya ganda, imekauka. Zikikaa kimya inarudi juani, hata kama mnunuzi amesimama uani na noti mkononi. Mzani nao hauamini. Ana jiwe lake alilolipima zamani kwenye mzani wa chama cha msingi, na kila anayekuja kununua kwake lazima alipime jiwe hilo kwanza. Wapo waliogeuza pikipiki papo hapo.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelizwa na boksi la spika. Na aliyemsomea maandishi ya boksi hilo ni mimi.

Binti yake anayeishi Mwanza alimtumia redio ndogo ya mezani, haizidi boksi la viatu: inapiga CD, inapokea fleshi, inashika bluetooth ya simu. Spika zake za asili hazikuja. Stoo ilivuja, karatasi za spika zikavimba, zikatupwa. "Spika si kitu," alisema kwenye simu, "baba atanunua huko huko." Basi tukatoka Kibingo kwenda Omurushaka, mjomba akiwa na fedha ya kahawa mfukoni. Redio tuliiacha nyumbani. Nani abebe redio mpya kwenye vumbi la barabara ile? Siku hiyo tuliona ni busara.

Dukani kulikuwa na jozi mbili zilizotuvuta macho. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, visanduku vya mbao vya kahawia, pembe zimechubuka, nyuma imeandikwa wati 30, omu 8. Bei 40,000. Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi inayong'aa, kila spika ina midomo mitatu na taa za rangi.

"Mpwa wangu, hebu soma hapo," mjomba akasema.

"Wati elfu moja na mia tano."

"Na zile za mbao?"

"Thelathini."

Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda hesabu. Muuza duka akaongeza kuni: "Mzee wangu, hizi ni za ukumbi kabisa." Zilikuwa 95,000 kwa jozi. Mjomba ni hodari wa kupatana, akachukua jozi mbili kwa 170,000 ili kila kona ya sebule iwe na yake. Hakuna aliyeomba ziwashwe. Mimi niliyesoma shule ndiyo kwanza nikawa mstari wa mbele kuzifunga kamba kwenye pikipiki.

Jumapili iliyofuata ilikuwa kipaimara cha mjukuu. Kijana wa jirani aliunga nyaya: nyekundu mbili za upande mmoja pamoja, nyeusi mbili pamoja, na upande wa pili vivyo hivyo. Taa zikacheza, watoto wakacheza, rubisi ikazunguka. Alasiri mvua ikaja. Aliyewahi kukaa chini ya bati Kagera anajua mvua ile haizungumzi na mtu. Wageni wakasema, ongeza. Ikaongezwa mpaka kitufe kikagoma. Sauti ikaanza kukwaruza, sauti nyembamba zikatoweka kwanza, bezi ikabaki ikikoroma peke yake. Kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, na redio ikanyamaza. Tuliimaliza sherehe kwa ngoma, na ninasema kweli, ndipo iliponoga.

Fundi wa Nkwenda hakuigusa bisibisi kwanza. Aliigeuza redio, akamwonyesha mjomba mgongo wake.

"Mzee, hapa mlisoma?"

Hatukuwa tumesoma. Palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema redio inakula wati 45 kutoka ukutani. Wa pili, chini ya matundu ya nyaya, ulisema inatoa wati 15 kila upande, kwa spika za omu 6 hadi 16. Yote tuliyohitaji kujua kabla ya kupanda pikipiki yaliandikwa pale.

"Wati 45 zinaingia," fundi akasema. "Hizo 1500 zingetoka wapi?"

Akachukua mita, akazipima spika zetu. Kila moja ilisoma omu tatu na kitu, maana yake ni spika ya omu 4, kwa kuwa mita husoma pungufu kidogo ya namba ya kiwandani. Mbili zikiungwa kwa namna ile ya yule kijana, zinakuwa omu 2. Kwa mjomba, ambaye alikulia nyuma ya ng'ombe, alieleza hivi: omu ni wembamba wa mlango wa zizi. Kwenye omu 6 wanapita mmoja mmoja. Kwenye omu 2 wanatoka watatu watatu kwa wakati uleule, na mchungaji ni yuleyule mmoja. Mchungaji wetu, yaani IC ya sauti, alikuwa ameungua katikati.

Ningeishia hapo kama kosa lingekuwa la nyaya peke yake. Lakini mjomba aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamkereketa tangu Jumapili: "Kwa hiyo namba ya boksi ni ya uongo?"

Fundi akaonyesha herufi nne ndogo zilizofuata namba, PMPO. Mimi nilikuwa nimeziruka niliposoma. Namba yenye herufi hizo ni ya mshtuko wa kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hujipimia kinavyopenda, kwani hakuna kipimo kimoja kinachowabana wote. Namba ya kushika ni ile yenye herufi RMS, nguvu ambayo kifaa kinaistahimili kwa muda mrefu bila kudhurika. Kisha akafanya hesabu ambayo bado inanichekesha. Mtambo wa Kikagati, hapo mtoni Kagera ng'ambo ya Murongo, ni wa megawati 14, na umeme wake unagawanywa Uganda na Tanzania. Kwa namba za maboksi haya, spika 9,333 zingeumaliza wote.

Mjomba hakucheka. "Huo ni mzani uliochezewa," akasema. Hayo ndiyo maneno niliyotaka kuyaandika tangu mwanzo, na ni yake, si yangu.

Spika moja ikafunguliwa. Kati ya midomo mitatu, miwili ilikuwa pambo tupu, haina koili wala sumaku. Wa tatu ulikuwa na sumaku ya kutia huruma. Na taa zile zilikuwa zinakula humo humo kwenye nguvu ya muziki. Spika ya namna tunayoitumia leo ilielezwa na Wamarekani wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925: koili, sumaku, karatasi inayosukuma hewa. Miaka mia imepita, vitu ni vilevile. Kilichopanda ni namba za maboksi.

Jambo moja fundi hakulisema, nimelijua baadaye. Spika hazilingani katika kugeuza wati kuwa sauti. Watengenezaji waaminifu huandika desibeli kwa wati moja, ikipimwa mita moja mbele ya spika. Spika ya 90 iliyopewa wati 15 inatoa sauti sawa na ya 84 iliyopewa wati 60. Kwa redio ndogo kama ya mjomba, desibeli sita hizo zina thamani kuliko wati zote za Omurushaka. Maboksi ya bei ya chini hayaiandiki namba hiyo, basi dawa ni sikio: redio ileile, wimbo uleule, kitufe palepale, badilisha spika.

Ndivyo tulivyofanya safari ya pili. IC mpya na ufundi vilimgharimu mjomba 35,000. Redio ikapanda pikipiki ikiwa ndani ya kikapu, imefunikwa kitenge cha shangazi. Zile za mbao zilikuwa bado ziko rafuni, ila muuza duka alitutambua na bei ikawa 45,000. Safari hii mjomba hakuwa na haraka ya kupatana. Alizijaribu kwa vidole kwanza: unaisukuma karatasi taratibu, pande zote sawa, ikikwaruza ndani koili imekwisha kuharibika, iache. Akakagua ukingo unaoishika karatasi. Ukingo wa sponji huoza na kumeguka kama mkate mkavu, wa mpira au kitambaa hudumu. Nikagusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu, karatasi ikaruka mbele. Ya pili nayo mbele. Moja ingerudi nyuma, tungejua nyaya zimepinduliwa ndani, na spika mbili zinazovutana hivyo humeza sehemu kubwa ya bezi.

Mwisho tukaweka wimbo wa Saida Karoli, kwa sababu mjomba anaujua kila pumzi yake na hangeweza kudanganywa. Kwanza kwenye spika nyeusi kama zile zetu, kisha kwenye za mbao. Kwenye nyeusi ngoma zilikuwa kishindo kimoja. Kwenye za mbao ulisikia mkono unapogusa ngozi, na sauti ya mwimbaji ikasimama mbele ya ngoma badala ya kuzama ndani yake. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, vilevile anavyofanya na kahawa.

Nyumbani hatukuzibana kwenye kona, kwa kuwa kona huivimbisha bezi, na tulitundika mkeka kwenye ukuta mtupu unaozitazama ili mwangwi upungue. Hayo ni madogo. Nyaya zilikwenda nyekundu kwa nyekundu, spika moja tu kila upande. Mvua inaponyesha mjomba huizima redio, anasubiri.

Jumla ametumia 250,000 kupata spika ambazo siku ya kwanza ziliuzwa 40,000. Yale maboksi manne yenye taa ameyatoa matumbo, anahifadhia mbegu za maharage. Anasema hazipati unyevu.