Lisilokatazwa, je, ni Halali?

Sisi wa Kisangani twaujua mtumbwi wa kasia kuliko mashua ya tanga. Mtumbwi wa Mgenya hutoka katika gogo moja, na kwa kuwa hakuna miti miwili iliyo sawasawa, hakuna mitumbwi miwili iliyo sawasawa. Fundi akipata mti mzuri, chombo chake chapita vya wenzake, na hapana amlaumuye. Basi msomaji atashangaa akisikia kwamba yako mashindano ambamo ni marufuku chombo kimoja kuwa bora kuliko kingine.

Mashua hizo hutengenezwa kwa muundo mmoja. Inayojulikana sana ni ile iliyochorwa mwaka 1969 na Bruce Kirby wa Kanada, ikaitwa Laser, na tangu mwaka 2019 yaitwa ILCA. Iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Urefu wake ni mita 4 na kitu, uzito wake yapata kilo 59. Sheria yake kuu ni ngumu: usiongeze kitu wala usibadili kitu, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu kwa maneno wazi. Hata mavazi ya baharia yaweza kupimwa. Huloweshwa maji, huachwa yachuruzike dakika moja, ndipo huwekwa kwenye mizani. Maana wako waliovaa nguo nzito za kunyonya maji, wapate uzito wa kuizuia mashua isilale kwa upepo.

Angalieni jinsi jambo hili lilivyo kinyume cha mazoea yetu. Mungu alimpa Adamu miti ya bustani, akamkataza mmoja tu. Sheria iliponyamaza palikuwa na uhuru. Kwa mashua hizi, sheria ikinyamaza imekataza. Kwa nini watu wazima wajifunge hivyo kwa hiari yao?

Mt. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria za wanadamu hazikatazi maovu yote, ila yale yaliyo mazito zaidi, hasa yenye kuwadhuru wengine. Kwa hiyo mtu asemaye "hakuna sheria iliyonikataza" hajajibu bado. Twende sokoni. Mama mmoja auza mchele kwa kopo. Kwa nje ni sawa na makopo ya wenzake, lakini kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Tuseme hata hakuna sheria itajayo vitako vya makopo. Mjane aliyekuja na fedha zake chache amelipa kopo zima, naye amepewa pungufu. Watu wa namna hiyo nabii Amosi aliwakemea zamani sana. Mama yule angaliuza kwa kopo dogo mbele ya macho ya wote, kwa bei yake, asingalikosa neno. Kosa lake ni kuahidi kipimo kimoja na kutoa kingine.

Ndivyo ilivyo kwa mashua. Fundi wa mtumbwi hamdanganyi mtu, wala mafundi wa Lamu ambao mashua zao hushindana kila moja kwa umbo lake. Lakini aingiaye katika mashindano ya muundo mmoja amewaambia wenzake: tuache ufundi wa chombo pwani, tushindane kwa akili na mikono. Akikwangua ubao wa usukani kwa siri, amemwibia kijana asiye na fedha aliyemsadiki.

Wako watakaosema kwamba sheria hiyo yanyamazisha kipawa cha fundi. Ni kweli, na mimi naona ni hasara. Tena usawa wa chombo haufanyi watu kuwa sawa: mtu mwepesi hushindwa na tanga la mita za mraba 7, kwa hiyo likawekwa la 5.76, ambalo wanawake wamelitumia katika Olimpiki tangu mwaka 2008.

Huko Helsinki mwaka 1952 wenyeji walitoa wenyewe mashua zote za aina ya Finn, zikagawiwa kwa kura. Akashinda Paul Elvstrøm wa Denmark, mtu aliyejulikana kwa kujizoeza nchi kavu kwa bidii. Mahali pa kuficha kitu hapakuwapo. Sokoni hakuna kura ya makopo. Mjane hulitazama kopo kwa nje, hujaziwa, huenda zake.