Haki ya Kusita

Katika shule za Kikatoliki za Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, yupo kijana ambaye kila Jumapili husimama na wenzake kutamka Nasadiki, ilhali moyoni hasadiki. Si mtukutu. Katekisimu ameisoma, kipaimara amepokea, ila swali halimpi usingizi: nitajuaje kwamba haya ni kweli? Akithubutu kuuliza, huambiwa shetani amemwingia, au vitabu vya kigeni vimemharibu.

Jibu hilo linaisahau historia ya hapohapo. Mapadre wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895, na hadi 1925 magharibi mwa Kenya pia ilikuwa chini ya vikarieti yao ya Upper Nile. Hawakukuta watu wasiomjua Mungu. Wapadhola walimwita Were, na Waluhya wengi walimwita hivyohivyo. Basi yule babu wa kwanza kubatizwa katika ukoo alianza kwa kuyatilia shaka mafundisho ya baba yake. Asingesita, asingebatizwa. Yeye tunamsifu kwa ujasiri; mjukuu wake akisita vilevile, tunamwita mwasi. Kwa haki gani?

Nitajibiwa kwamba babu alitoka gizani akaingia nuruni, na mjukuu anarudi nyuma. Hoja hiyo ina uzito, nami siijibu kwa maneno yangu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba dhamiri humfunga mtu hata inapokosea. Alichagua mfano mgumu kuliko yote: kumwamini Kristo ni jambo jema, lakini mtu ambaye akili yake inamwonyesha kuwa ni ovu, akiamini tu hivyo hivyo, anatenda dhambi. (Hakusema kila aliyekosea hana lawama, alisema tu kwamba hakuna njia ya haki inayopita juu ya dhamiri.) Na tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kuwa hakuna wa kulazimishwa kuipokea imani.

Kila tarehe 3 Juni wanafunzi hawa husimuliwa habari za Mashahidi wa Uganda. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Yeye na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa kuwa hawakukubali mfalme awaamulie la kuamini. Huwezi kumhubiri Kizito asubuhi, kisha jioni ukamchapa mtoto aliyekataa kupiga goti.

Shule ina haki ya kuwa na Misa yake, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuwavurugia wanaosali. Lakini imani haiamrishwi. Kinachoamrishwa ni midomo, na mtoto aliyezoezwa kumwambia Mungu asichokiamini amefundishwa uongo mahali patakatifu. Katiba zote mbili, ya Uganda ya 1995 katika ibara ya 29 na ya Kenya ya 2010 katika ibara ya 32, zinailinda dhamiri yake upande wowote wa mpaka.

Walimu wakuu, mapadre na masista, nawasihi: msimsimamishe kijana huyo mbele ya paredi. Mketisheni faraghani, msikilizeni mpaka amalize, na wenzake watakaposali Nasadiki, mruhusuni anyamaze.