Fedha za Uzeeni ni za Nani?



Jumapili moja baada ya Misa tulikaa wazee watatu chini ya mwembe, tukizungumza habari za mwenzetu atakayestaafu mwakani. Mmoja wetu akasema, "Tumwonye awe mgumu. Ndugu wakisikia amelipwa watammaliza." Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa na furaha, maana mimi nilikuwa mgumu kwa ndugu, na fedha zangu zilikwisha vilevile. Nimeomba nafasi katika gazeti letu kwa sababu naona swali hili huwa tunaliuliza kichwa chini miguu juu.

Kwanza nieleze fedha zenyewe, hasa kwa vijana wanaodhani mstaafu hupewa zawadi. Mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa asilimia 15. Fedha hizo hutunzwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, uliofanywa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani. Mimi nilistaafu mwaka 2023, nikiwa na miaka 60. Wakati huo kanuni ilikuwa asilimia 33 kwa mkupuo, na zilizobaki kwa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo kuwa asilimia 40 kwa watumishi wa kundi letu. Walimu tulilalamika sana juu ya kikokotoo kile, na mimi nililalamika kwa sauti kuliko wengi. Leo, nisipojidanganya, nashukuru kwamba sikupewa zaidi, maana nazo zingekwenda zilikokwenda zile.

Sasa, je, fedha hizi ni za nani? Chaki niliimeza mimi, na jua la njiani lilinichoma mimi. Kwa hiyo ni rahisi kusema ni zangu. Lakini nilipochaguliwa kwenda Chuo cha Ualimu Korogwe, mama aliuza mbuzi wawili, na marehemu dada yangu akanipa akiba yake ya kuuza vitumbua nikanunulia sanduku la bati. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Dada hakunikopesha, wala hakudai mpaka alipofariki. Mtu wa namna hiyo ana sehemu katika mshahara wangu ama hana?

Miezi miwili baada ya kulipwa, binti wa dada huyo alikuja nyumbani. Aliamkia, akakaa kwenye mkeka, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ni Sh 1,200,000. Sina mtu mwingine." Alikuwa na barua ya chuo mkononi, akanipa niisome. Niliisoma. Nikamwambia, "Mwanangu, fedha hizi ni za uzeeni. Nikianza kugawa, mimi na shangazi yako tutakula nini?" Hakubisha. Alisema, "Sawa mjomba," akaaga.

Nililala vizuri usiku ule. Nilikumbuka mfano wa wale wanawali kumi: watano wenye busara walikataa kugawa mafuta yao, na Bwana wetu hakuwalaumu. Nikajiona mmoja wao.

Haukupita mwezi, alinijia mtu tunayesali naye. Jina lake halina faida hapa. Alikuwa akinunua machungwa huku kwetu Muheza na kuyapeleka Mombasa kwa malori, au ndivyo alivyosema. Alitafuta wenzake wa kuweka mtaji, naye angewalipa asilimia 10 kila mwezi. Hakuleta karatasi yoyote. Nilipouliza habari ya mkataba, alinitazama kwa huzuni akasema, "Mwalimu, hata wewe huniamini?" Niliona haya, nikampa Sh 8,000,000.

Ndugu wasomaji, mimi nimefundisha Hesabu zaidi ya miaka thelathini. Riba nimeiandika ubaoni mara zisizo na idadi. Asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka, na ukirudisha faida katika mtaji kila mwezi, Sh 8,000,000 huwa zaidi ya Sh 25,000,000 katika miezi kumi na miwili. Hatifungani za Serikali za muda mrefu hazijafika asilimia 20 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni. Na machungwa yana msimu. Mti hauzai kila mwezi kwa sababu mwalimu mstaafu ameweka fedha. Mtoto wa darasa la saba angenisahihisha.

Mwezi wa kwanza alileta Sh 800,000. Wa pili pia. Zote nilizirudisha humo humo ili zizae. Mwezi wa tatu lori lilikwama mpakani Horohoro, na mwezi wa nne simu yake ikawa haipatikani. Baadaye tulipokutana tuliodhulumiwa, tukalinganisha tarehe, niligundua kwamba faida yangu ya mwezi wa pili ilitoka katika fedha za muuguzi mstaafu aliyeingia baada yangu. Kwa hiyo nilikuwa nimemla mwenzangu bila kujua, na bila kuuliza.

Wala siwezi kusema sikuonywa. Wengi tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu walisema "wanapanda mbegu" na kwamba "watavuna", maneno yetu ya kanisani kabisa, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji waliotiwa hatiani mahakamani mwaka 2013. Mwaka ule wa 2009 nilisimama mbele ya darasa nikawacheka waliopanda.

Hatari nyingine zipo, wala sizidharau. Fedha ya kuficha ndani huliwa na bei. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya 1980, bei zikipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka, tuliona kiinua mgongo cha baba zetu kikigeuka kuwa bei ya baiskeli, kisha ya tairi. Benki nazo huweza kufa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga tano ndogo kwa siku moja, zikiwamo za Njombe, Meru na Kagera, na bima ya amana wakati ule ilikuwa na kikomo cha Sh 1,500,000 kwa mtu. Sasa kimepandishwa kuwa Sh 7,500,000. Basi mwenye zaidi ya hizo asiweke zote mahali pamoja. Hayo mtu hujifunza kwa mchana mmoja akiuliza benki.

Lililonichukua muda kujifunza ni tofauti kati ya wageni wangu wawili. Binti alileta barua, akataja kiasi, akakubali niulize, akakubali hata nimnyime. Yule wa machungwa hakuleta kitu, na swali langu moja alilifanya kuwa tusi. Nilimwona yule wa kwanza ndiye hatari. Neno "uzeeni" nililitumia kumfungia yeye mlango, kisha mlango huo huo nikaufungua mwenyewe usiku kwa tamaa yangu. Hata mfano wa wanawali niliutumia vibaya, kwani wale hawakunyima mafuta ili wakayachezee kamari.

Simaanishi kwamba mstaafu agawe kila kitu. Mzee aliyegawa zote huwa mzigo kwa watoto ambao nao wana ada za kulipa, na ndugu wengine huomba kwa mazoea tu. Kukataa kupo, na kuna siku ni haki. Lakini anayekataa na apime kwanza anamlinda nani, na kwa fedha zipi.

Mke wangu alipougua mwaka jana, tulilazimika kuomba kwa watoto. Binti wa dada alikuja kutufulia na kupika kwa majuma mawili, akiacha chapati zake anazouza stendi. Nafasi ya chuo ilimpita mwaka ule. Mwaka huu ameipata tena, na nimemwahidi Sh 100,000 kila mwezi kutoka katika pensheni. Ameshukuru mno, akasema anajua mjomba hana kitu. Anaamini zile fedha zilikwisha kwa matibabu. Bado sijamweleza.