Ng'ombe wa Maskini na Hewa ya Wote

Nchini Rwanda, mtu akimtakia mwenziwe heri humwambia "Gira inka", yaani, uwe na ng'ombe. Mwaka 2006 maneno hayo yalipewa mpango wa serikali wa kuzigawia jamaa maskini ng'ombe mmoja mmoja. Mnyama huyo huleta maziwa kwa watoto na samadi kwa shamba. Na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Sisi tuliofundisha vijijini twawajua wanafunzi walionunuliwa madaftari kwa maziwa hayo.

Hata hivyo, ng'ombe acheuapo hutoa kwa mbweu hewa iitwayo methani. Hewa hiyo hukaa angani miaka kumi na miwili hivi, na katika karne moja huipasha dunia joto mara 27 hivi kuliko hewa ya kaboni ya uzito uleule. Mwaka 2021, huko Glasgow, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kuipunguza methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Je, ni haki kumdai mwenye ng'ombe mmoja sawa na mwenye mamia?

Wako wasemao kuwa sheria ni msumeno, nayo hewa haiulizi mwenyewe ni nani. Wengine husema maskini hadaiwi kitu. Sisi twaona kuwa wote wamekosea. Wa kwanza wamesahau kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa pili wamesahau kuwa mvua ikikosekana, shamba la maskini ndilo linalokauka kwanza.

Mwenye vingi apunguze: Denmark iliafikiana mwaka 2024 kuwatoza wafugaji wake kodi ya hewa hiyo kuanzia mwaka 2030. Mwenye ng'ombe mmoja naye asaidiwe kumlisha vema. Ng'ombe mwenye njaa hutoa maziwa kidogo, ilhali mbweu zake haziishi. Hivyo kila lita yake huichafua hewa kuliko lita ya ng'ombe aliyeshiba. Majani mema na tiba humfaa mwenye zizi, na huifaa anga pia.

Desturi ya yule ndama yatufundisha kwamba aliyepokea ni mdeni wa anayefuata. Hewa nayo tuliipokea. Basi kila mmoja na alipe kwa kadiri alivyopokea, na sisi walimu tuyaeleze mambo haya kwa lugha ambayo mfugaji ataielewa.