Okoteni kwa Ruhusa, Hifadhini kwa Elimu

Wanangu,

Nimesikia mnataka kuunda kikundi cha kuokota masazo ya mashamba na miti hapa Tabora, na moyo wangu umefurahi. Kila mwaka, kuanzia Novemba, miembe yetu huzaa kwa mpigo mmoja. Ndani ya majuma machache soko hufurika, bei huanguka, na mwenye mti huona hapati faida hata ya kumlipa mchumaji. Maembe huanguka, hukanyagwa, huoza. Ikifika Machi, watoto waliokuwa wakiyarushiana hula ugali kwa chumvi. Hapo mmeona kweli. Lakini kabla hamjashika ngoe, nisikilizeni.

Neno langu kubwa ni hili: kuokota na kuhifadhi ni kazi moja. Kikundi kinachojua kukusanya tu huhamisha uozo kutoka shambani kwenda jikoni. Magunia ya maembe yakishushwa jioni kwenye nyumba isiyo na visu, maji safi wala mtu anayejua la kufanya, keshokutwa ni mzigo wa jalalani. Basi hesabuni mikono kwanza, ndipo mhesabu matunda. Chumeni kile mnachoweza kukimaliza kesho yake.

Ombeni ruhusa. Desturi ya kumwachia maskini sehemu ya mavuno si ngeni: Torati iliagiza pembe za shamba zisivunwe zote, na Kurani inamtaka mwenye mazao atoe haki yake siku ya kuvuna. Lakini haki ya maskini haimruhusu mtu kuruka uzio. Mwendeeni mwenye shamba mchana, mkifuatana na mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane siku, miti na mgao. Mgao usioleta ugomvi ni mafungu matatu: la mwenye mti, la waokotaji, na la wajane, wagonjwa na watoto wa shule. Kisha andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kikundi huanza kufa siku mtu anapouliza kilo zilikwenda wapi akakosa jibu.

Mwelezeni pia faida yake mwenyewe. Nzi wa matunda hutaga ndani ya embe, mabuu hula nyama yake, kisha hushuka ardhini, na humo hutoka nzi wapya wa kushambulia matunda yaliyobaki mtini. Tangu aina moja ya nzi hao kutoka Asia igunduliwe Afrika Mashariki mwaka 2003, wakulima wa embe wamepata hasara kubwa. Kwa hiyo msiondoke na mazuri mkaacha mabovu. Yenye mabuu yatieni kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufungeni, uacheni juani mpaka mabuu yafe; au yafukieni kina cha zaidi ya nusu mita. Mwenye shamba akiona chini ya miembe yake pamesafishwa, mwakani atawaita mwenyewe.

Sasa elimu. Walimu wenu wa kwanza mnao nyumbani. Mtazameni bibi anapotengeneza michembe: humenya viazi vitamu, huvikata vipande vyembamba vya unene mmoja, huvitandaza juani, huvigeuza, wala havikusanyi mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Matobolwa huyachemsha kwanza, ndipo huyakata na kuyaanika. Kanuni zote zimo humo: usafi, unene mmoja, hewa, na subira. Embe hufuata njia hiyohiyo, ila msimu wake huja pamoja na mvua. Linahitaji kaushio lililofunikwa kwa nailoni, lenye matundu ya kupitisha hewa na wavu wa kuzuia nzi. Kipande kilichokauka sawasawa hupindika bila kunata vidoleni. Majani ya kunde na ya maboga yaanikeni kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A.

Hata hivyo, bibi hawezi kuona kila kitu, kwani sumu nyingine hazionekani. Hapo mwiteni afisa ugani na afisa lishe. Mkiokota karanga zilizosalia ardhini au mahindi yaliyodondoka, punje zenye ukungu na zilizosinyaa zitupeni, msimpe mtu wala kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kwenye kuhifadhi chupani ndiko kuliko na hatari ambayo vijana huidharau. Achari ya embe hulindwa na ukali wake. Basi siki msiizimue kwa maji. Lakini maharage, nyama na mboga za majani hazina ukali huo. Ndani ya chupa iliyofungwa, pasipo hewa, bakteria wanaweza kuzalisha sumu inayopoozesha mwili na kuua, na chembe zao hustahimili maji yanayochemka. Kuziua huhitaji joto la nyuzi 121, ambalo sufuria ya kawaida haifikii kamwe. Na hapa kwetu, mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Vyakula hivyo msivitie chupani. Kausheni. Na mtu asifundishe wengine jambo ambalo yeye mwenyewe hajafundishwa.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Msingoje maembe yaanze kudondoka. Septemba kaeni kikao, orodhesheni miti michache na wenyewe, tengenezeni kaushio moja, na kila nyumba itoe mtu mmoja wa kujifunza, mvulana kwa msichana. Msimu wa kwanza uwe mdogo lakini safi, pasiwe na embe lililooza mikononi mwenu wala mtu aliyeugua kwa chakula chenu. Mkiaminiwa kwa hayo, miti mingine itakuja yenyewe.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.