Chanjo za Watoto na Mlango wa Chuo

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Pumwani na Eastleigh, mjini Nairobi, suala ambalo huulizwa vile vile Mombasa na Lamu: Je, yafaa mwalimu wa chuo kuwafungulia mlango wachanjaji? Na mzazi amfichaye mwanawe nyumbani siku ya chanjo, ana dhambi au hana?

Kwanza, woga wa watu hawa wapasa kufahamiwa kabla ya kulaumiwa. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya Korona. Misikiti ilikuwa imefungwa, na skuli zimefungwa tangu Machi. Wengi walijiona wametengwa. Skuli hazikufunguliwa kwa watoto wote ila tarehe 4 Januari 2021, na katika miezi ile wazazi walioogopa kwenda kliniki waliwakosesha watoto wao chanjo. Skuli zilifunguliwa, lakini shaka imebaki. Haya twayajua. Lakini mtu aliyekasirika na nahodha hatoboi jahazi alilolipanda na wanawe.

Wako wasemao: Ugonjwa ni kadari, basi chanjo ya nini? Sayyidna Umar alipofika Sargh akapata khabari ya tauni ya Sham, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa aikimbia kadari Yake kwa kuiendea kadari Yake. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kula tende saba za ajwa asubuhi ili kujikinga na sumu. Hii ni kinga kabla ya madhara, si dawa baada yake, na wanavyuoni wameifanya hoja ya kujuzu chanjo.

Wako wasemao: Chanjo yenyewe huleta polio. Neno hili lina asili, wala hatutalificha. Mwezi wa Machi 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipatikana katika maji machafu ya Eastleigh. Lakini tazama vimepatikanaje. Matone ya mdomoni yana virusi vilivyodhoofishwa, navyo hutoka katika choo cha mtoto kwa muda. Palipochanjwa watoto wote, huishia hapo. Palipo na wengi wasiochanjwa, hupita kwa mtoto huyu na yule kwa muda mrefu, na humo njiani hurejewa na nguvu zao. Basi aliyewakataza wanawe chanjo ndiye aliyevifungulia njia.

Na wako wasemao: Mwanangu ni wangu, sina deni kwa mtu. Hawa ndio wale aliowapigia mfano Mtume (S.A.W.), waliokaa chini ya chombo wakataka kutoboa upande wao, wakadhani hawamdhuru mtu. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Chanjo yake ya kwanza hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Basi mtoto wa miezi 4 ana kinga gani, ila ya wale wanaomzunguka? Watoto wetu hukaa mkeka mmoja chuoni, kisha kila mmoja hurudi katika chumba chenye kitoto kichanga. Anayebeba surua hapiti peke yake.

Tukumbuke ndui. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Aliiepuka chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mwenyezi Mungu alimponya, na baadaye akawa akiwaendea wazazi kuwasihi wachanje watoto wao polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Ndui haipo tena. Chanjo ndiyo iliyokuwa sababu.

Jawabu letu basi ni hili. Mwalimu wa chuo na afungue mlango, aulize kadi ya kliniki kama skuli zinavyouliza, wala asimfukuze mtoto asiyechanjwa; elimu yake haina kosa. Amwite mzazi amweleze kwa upole. Mzazi aliyeogopa kwa kutojua, deni ni letu la kumfundisha. Ama aliyebainishiwa kisha akamficha mwanawe kwa ukaidi, na mtoto wa jirani akadhurika, basi na aandae jawabu lake mbele ya Mola wake. Na wachanjaji nao wakumbuke: watu waliofungiwa njia hawavutwi kwa amri. Waje msikitini, waeleze, waulizwe, wajibu.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu, na utupe akili ya kushika sababu ulizotuwekea. Amin.