Ada ya Mchezo
Yafaa tujiulize: je, ni haki mtu kulipia ngoma asiyoicheza? Katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini Marekani, kila mwanafunzi hutozwa ada ya michezo, aende uwanjani au asiende. Watetezi wake hudai kwamba timu yenye sifa huvuta wanafunzi wapya. Pengine, lakini wanafunzi wakipungua, mishahara ya makocha haipungui kwa kadiri hiyo, na mzigo huwaelemea waliobaki, wengine wakiulipa kwa mikopo. Chuo Kikuu cha Chicago, ingawa si cha umma, kiliivunja timu yake ya mpira wa Kimarekani mwaka 1939; sifa yake ya elimu haikuporomoka. Na yule afanyaye kazi usiku ili alipe ada, shangwe za uwanjani humkuta usingizini. Nani aliyemwuliza?